Filamu ya Taratibu na Vitu vya Bibi Odilia

Wajukuu zangu, nawaandikia ninyi mnaokuja kwangu Izia na kamera za mtumba shingoni. Mnanikuta uani nachambua maharage, mnasema shikamoo, na kabla sijamaliza kusema marahaba mmeshauliza: "Mama Studio, nitie filamu gani?"

Nami huwa nauliza unataka kupiga nini. Wengi mnajibu, "Vitu tu, bibi." Kikombe dirishani. Viatu vya babu. Chupa yenye ua. Mmoja wenu alinionyesha picha ya vitunguu vitatu juu ya gazeti, akasema vimempa shida kuliko harusi. Nikamwambia karibu kazini.

Sijui kama mimi ndiye wa kuwajibu. Niliishia darasa la saba, na kwenye kazi hii niliingia na ufagio. Nilikuwa nafagia studio ya Mzee Anselmi, jirani na soko la Sumbawanga, na kukung'uta vumbi kwenye lile pazia lake lililochorwa ghorofa na ndege inayoruka. Siku aliyong'atwa na nyuki mkono ukavimba, akaniambia nimshikie kamera kwa siku hiyo. Sikuirudisha mpaka alipoacha kazi. Kwa hiyo ninayoyajua mengi ni yake. Mengine nimeyabahatisha, na nitajitahidi kuwaambia lipi ni lipi.

Tuanze na namba. Kwenye boksi la filamu pameandikwa hamsini, mia, mia mbili, mia nne, na kuendelea. Namba ndogo ni filamu ya taratibu, inataka mwanga mwingi, au kama mwanga hakuna, inataka muda. Namba kubwa ni ya haraka, inaona hata jua likiwa limeshazama. Lakini hiyo haraka inalipiwa kwa chembe, zile punje ndogo unazoziona juu ya picha. Mzee Anselmi alinifundisha chembe kwa unga. Aliweka sembe kiganja hiki, dona kiganja kile. "Hii hamsini," akasema, "hii mia nne. Umeelewa?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa sijaelewa, ila nilikuwa na njaa.

Kwa vitu visivyotembea alitaka sembe siku zote. Siku moja nilipanga vyungu mbele ya pazia nikatia mia nne ili nimalize upesi. Akanitazama juu ya miwani.

"Binti, hicho chungu kina basi la kuwahi?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mbona umekiwekea filamu ya mbio?"

Nisimwonee lakini, wala nisiwaonee ninyi. Dona nayo ni chakula. Nina picha ya mia nne ya gogo la kupasulia kuni, chembe zake zinaonekana kama mchanga, na naipenda kuliko nyingi nilizopiga kwa utulivu. Kitu kikiwa na ngozi mbaya chenyewe, chembe zinakisaidia. Kikiwa laini, kama kikombe cha udongo au uso wa maji, zinakichafua. Hilo la mwisho ni langu, si la Mzee Anselmi. Litazameni kwa tahadhari.

Kuhusu rangi na nyeusi-nyeupe nina hadithi moja ambayo hapa mjini bado wapo wanaonicheka nayo. Afisa kilimo mmoja aliniletea nyanya, nyekundu haswa, zimelala kwenye majani yake, akataka picha kubwa ya kutundika kwenye banda la maonyesho ya wakulima. Nikatia nyeusi-nyeupe, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naisafisha mwenyewe chumba cha giza. Wajukuu, nyekundu na kijani machoni petu ni maji na moto. Kwenye ile filamu ni ndugu wa tumbo moja. Nyanya na majani vilitoka kijivu kile kile. Mama mmoja pale bandani akauliza, "Hivi viazi vyenu mnavilaza juani?"

Mzee Anselmi akanitafutia kioo chekundu cha kuweka mbele ya lenzi, akasema kitazitenganisha. Kweli kikazitenganisha. Majani yakawa meusi, nyanya zikawa nyeupe kama mayai. Afisa kilimo akaniuliza kama namfanyia mzaha. Mara ya tatu nikatia filamu ya rangi, na hapo nilikuwa nimemaliza faida yote ya kazi hiyo na nyanya zenyewe zimeanza kunuka.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuchagua filamu, namwuliza mwenye kitu: ukifumba macho ukakikumbuka, unaona nini kwanza? Akisema rangi, natia rangi. Akisema umbo, au mikwaruzo, au namna kinavyokaa, natia nyeusi-nyeupe. Si kila mtu anajua kujibu. Mzee mmoja mfugaji, Msukuma aliyehamia Bonde la Rukwa na ng'ombe wake, aliniita nikampigie kengele ya fahali wake aliyekufa. Kengele tu, imening'inia. Nikamwuliza anaona nini. Akasema, "Naona? Mimi naisikia." Nikatia ya rangi, kwa kukosa jibu. Na kwa ujinga nikaiweka mfukoni mwa koti tangu huku kwenye baridi mpaka kule chini kwenye joto. Filamu ya rangi haipendi joto. Kengele ilitoka na wekundu kama imechemshwa. Nilimpelekea nikiwa na maneno ya kuomba radhi mdomoni, naye akaitazama, akasema, "Ndiyo jua la kwetu hilo." Hakulalamika. Mimi bado nalalamika. Ukishuka Bondeni, filamu iweke ndani ya kibuyu au chombo chenye mfuniko, ufunge kwa kitambaa kibichi, na usiifungue mpaka wakati wa kazi.

Huku juu adui ni baridi. Kamera zenu hizi zina umri mkubwa kuliko wazazi wenu, na mafuta yaliyomo ndani yake ni ya tangu kiwandani. Kipupwe kikiingia, upepo ukaanza kushuka kutoka milima ya Mbizi, yale mafuta yanaganda, na shata, kile kimlango cha kupitishia mwanga, inafunguka kwa uvivu kama mlinzi aliyeamshwa. Umeiambia nusu sekunde, yenyewe inakaa sekunde nzima. Njia yangu ni kuibeba kamera ndani ya kitenge, kifuani, kama kifaranga. Mtacheka. Chekeni, lakini ibebeni hivyo.

Sasa niwaambie juu ya vitu vya Bibi Odilia, maana ndiyo kazi yangu ya mwisho ya maana, na ndiyo iliyonifanya nianze kuandika haya.

Ilikuwa kipupwe kilichopita. Alikuja mwanamke mmoja, Leokadia, mtu wa makamo, mfanyabiashara wa samaki, migebuka na dagaa, kule Kabwe ziwani. Nilimfahamu mama yake, Bibi Odilia wa Mollo, aliyekuwa analeta ulezi sokoni. Bibi alikuwa amefariki, na Leokadia alikuwa amepanda huku kwa ajili ya kumaliza matanga.

"Shikamoo, Mama Studio."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa. Mama, bado una ile kamera ya kuinamia?"

Alikuwa anasema ile kamera ya boksi yenye macho mawili, ambayo unaiangalia kwa juu, umeinamisha kichwa. Ninayo. Ni kitu pekee cha studio ambacho sikuuza, pamoja na mashine ya kukuzia picha ambayo hakuna aliyeitaka.

Akanieleza. Picha zote za mama yake zilikuwa kwenye simu, na simu ilimtoka mkononi akipanda boti, ikaenda chini ya ziwa. Imebaki ile ya kitambulisho, ambayo Bibi Odilia ametazama kama mtu anayesomewa mashtaka. Na siku ya kumaliza matanga, kama tunavyofanya, vitu vya marehemu vingetandazwa uani juu ya mkeka, wazee wa ukoo wavigawe kwa watoto na ndugu.

"Jembe litakwenda huku, chungu kule," akasema. "Mimi nitarudi ziwani na changu kimoja. Nataka kuviona vyote vikiwa ndani kwake, pale alipoviacha mwenyewe, kabla mtu hajavigusa. Mara moja tu."

"Simu zipo nyingi, mwanangu. Hata wajukuu zake watapiga."

"Simu niliiamini mara moja, ikanitosha. Nataka picha yenye negativu. Yenye mzizi."

Sikutaka kukubali. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, na sikuwa nimesafisha filamu muda mrefu. Nilimwambia ukweli huo. Akasema, "Vitu havitembei, mama. Hata ukitetemeka vitakusubiri." Nikaenda kufungua friji.

Kwenye friji yangu, ndani ya kopo la siagi ambalo mwanangu ameshalifungua mara nyingi kwa tamaa na kulifunga kwa hasira, nilikuwa na roli tatu. Ya kwanza ya rangi, aliniletea mmoja wenu kutoka Dar. Ya pili nyeusi-nyeupe ya mia nne, imeshapita muda wake. Ya tatu nyeusi-nyeupe ya hamsini, nayo kuukuu, imepita muda.

Nikazipanga mezani, nikazitazama kama mtu anayechagua mchumba. Ya rangi ingetaka kurudi Dar kusafishwa, maana huku hakuna anayesafisha tena, na nilishaona roli zinazopotea njiani. Ya mia nne ingeona vizuri ndani ya nyumba yenye dirisha dogo, lakini filamu za haraka huzeeka vibaya, zinaingia ukungu zenyewe. Ya hamsini huzeeka polepole kama inavyofanya kazi polepole. Ila ingedai shata ikae wazi muda mrefu sana, na kadiri unavyozidisha muda, filamu ya taratibu inachoka. Dakika yake ya pili haili mwanga kama ya kwanza. Lazima uiongezee, na hakuna anayekuambia kwa uhakika uongeze kiasi gani.

Nikamwuliza Leokadia swali langu. "Ukimkumbuka mama yako, unaona nini kwanza?"

"Moshi," akasema. "Mama alikuwa mtu wa moshi. Ukimkumbatia, moshi. Blanketi lake, moshi. Hata kuta zake."

Basi nikachukua hamsini. Niseme pia nilichokiacha: lile blanketi lilikuwa na mstari mwekundu mzuri sana, na mstari huo haumo kwenye picha. Kama mtu angeniambia nilikosea, ningemsikiliza.

Asubuhi ya siku ya kugawa tukafika Mollo, kamera ikiwa kifuani mwangu ndani ya kitenge. Wanawake wa jirani walikuwa jikoni wanakoroga uji. Leokadia akafungua mlango wa chumba cha mama yake. Dirisha moja, upande wa kushoto. Kigoda kilichong'aa kwa kukaliwa. Jembe lililolika mpaka likabaki kama upawa. Chungu, ungo, kikombe cha bati. Viatu vya plastiki vimegeuzwa ukutani vikauke. Blanketi limekunjwa. Rozari kwenye msumari. Nilisimama mlangoni na sikusogeza hata ungo. Kwenye studio ningesogeza kila kitu. Pale mwenye kupanga alikuwa ameshapanga.

Nilikuwa nafungua miguu ya stendi alipoingia Kristofa, kaka mkubwa wa Leokadia, mwenye nyumba ya pili pale pale uani.

"Shikamoo, Mama Studio. Samahani sana, lakini hii picha hapana."

"Marahaba. Hapana kwa nini, baba?"

"Picha haisahau. Leo tunagawana, tunapeana mikono, yameisha. Kesho kutwa mtu anaitoa kabatini: hapa palikuwa na hiki na hiki, mbona mimi nilipewa kile? Nani atamjibu?"

"Si wewe mkubwa?" Leokadia akadakia. "Utamjibu wewe. Kelele za kuku wako unazijibu, utashindwa hizo?"

"Lea, sitanii."

"Na mimi sitanii, kaka. Wewe ukifungua mlango unaona nyumba ya mama. Mimi nikifungua mlango naona maji."

Lazima niseme Kristofa hakuwa mtu wa roho mbaya, na aliyoyasema yapo. Nimewahi kupiga zawadi za harusi zimepangwa mezani, na ile picha ikaja kutumika katika ugomvi wa redio mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamwambia hivyo mbele ya dada yake. Leokadia akanitazama kama nimemsaliti. Lakini lilikuwa kweli, ningefanyaje?

Kristofa akashusha pumzi. "Wazee wako njiani. Wakishakunywa uji, vinatoka nje. Mpaka hapo fanyeni mnavyotaka. Ila mimi nisiwemo."

Akatoka.

Nikabana tundu la lenzi liwe dogo, ili kigoda cha mbele na ukuta wa nyuma vyote vionekane sawasawa. Hii ndiyo raha ya vitu: unaweza kubana utakavyo. Nikaweka shata kwenye B, ambapo inabaki wazi mpaka uiachie mwenyewe, nikafunga waya wa kufyatulia ili mtetemo wangu usifike kwenye kamera. Kipimo changu cha mwanga kilishakufa, kwa hiyo niliunyoosha mkono ukutani nikatazama kivuli chake. Kilikuwa hafifu, kingo hazionekani. Nikapanga: picha tatu. Moja ya muda mfupi, moja ya kati, moja ndefu. Mkiwa na mashaka fanyeni hivyo siku zote, mojawapo itakuwa sahihi na mbili zitakufundisha.

Sasa muda wenyewe. Mzee Anselmi hakuwa na saa ya kuaminika ndani ya chumba cha giza, na hakuna saa unayoweza kuiangalia ukiwa umeinamia kamera. Alihesabu kwa sala ya Salamu Maria. Moja, kwa mwendo wake usio na madoido, alikuwa anaijua ni muda gani, na mimi nikaichukua kama ilivyo. Mpiga picha mwingine wa mtaa wetu, Mwislamu, alikuwa na yake, na picha zake zilikuwa nzuri tu. Kwa picha ya kwanza nikapanga Salamu Maria mbili: moja kwa ajili ya giza la chumba, nyingine kwa ajili ya uchovu wa filamu.

Nikafyatua. Na kwa mazoea yangu ya miaka yote peke yangu studio, nikaanza kuhesabu kwa sauti. "Salamu Maria, umejaa neema..."

Jamani. Nyumba ya matanga, Mollo, asubuhi, nyuma yangu wanawake wamejaa mlangoni kuchungulia. Wangedhani nini kingine? Wakapokea wote kwa pamoja, kwa ile sauti ya msibani inayovutwa mpaka mwisho wa pumzi: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu..." Nikasikia magoti yanagusa sakafu. Hesabu yangu ya kwanza ikachukua muda wa mbili. Nikaanza ya pili, nikijua ni ya mwisho, na wakaipokea vile vile. Kabla sijaachia waya, mama mmoja mwenye sauti nzito akawa ameshaanza ya tatu.

Ningeweza kufunga shata. Waya ulikuwa mkononi mwangu. Lakini nami nilikuwa naitikia. Mdomo uliolelewa hivyo hauombi ruhusa. Na kila nikitaka kuachia naona kama nitakuwa nimemkata Bibi Odilia katikati ya sentensi.

Walikuwa wameshakwenda mbali katika fungu la rozari, lile la Salamu Maria kumi, nilipoona, kwenye kile kioo cha kamera, mtu amepita ubavuni mwangu, upande wa dirisha. Kristofa. Alikuwa amevua kofia. Hakumtazama mtu. Alipiga magoti karibu na kigoda cha mama yake, akainamisha kichwa, akatulia kama vile vitu vingine.

Niwaambie nini? Kwamba nimguse bega, samahani baba, upo ndani ya picha? Niliendelea kuitikia. Fungu likaisha, wakasema Atukuzwe Baba, ndipo nikafunga shata. Na papo hapo uani kukapigwa hodi: wazee wamefika. Uji ulinyweka upesi kuliko nilivyoomba. Vijana wakaingia, kigoda kikatoka, jembe likatoka, ungo ukatoka. Picha yangu ya pili na ya tatu sikuzipiga.

Wazee waligawa kwa haki, kwa jinsi nilivyoona. Leokadia alipata blanketi. Alilikunja, akalinusa, akakaa nalo mapajani mpaka jua lilipochwea.

Mimi nilirudi Izia na picha moja tu ambayo haikuwa kama nilivyopanga. Imeongezewa muda mara nyingi kuliko hesabu, na mtu asiyetaka kuwemo yumo. Asubuhi iliyofuata nikajifungia stoo. Maji ya bomba yalikuwa baridi ya kuuma meno, nikayapasha kwenye sufuria na kuyapima kwa kiwiko kama maji ya kumwogesha mtoto. Kisha nikabaki nimeshika chupa ya dawa. Filamu iliyozidishiwa mwanga unaipunguzia muda kwenye dawa, isije ikaungua. Hilo ni sawa. Lakini kama ilichoka kweli kama nilivyofikiri, basi haikuzidishiwa, na nikipunguza nitaua hata kilichopo. Hakuna wa kuuliza. Mzee Anselmi alishalala zamani. Nikapunguza kidogo, nusu ya nilivyotaka, kwa uoga tu.

Negativu ilitoka nzito, lakini ilikuwa hai. Nilipoitia kwenye mashine ya kukuzia nikaona kila kitu: mishono ya ungo, ukingo wa jembe, masizi ukutani yamepanda kama mawingu. Zile Salamu Maria zangu mbili zisingetosha. Chumba kilikuwa cheusi kuliko kivuli cha mkono wangu kilivyoniambia. Sitaki kusema sala ndiyo iliyopiga picha ile. Ninachojua ni kwamba hamsini iliweza kukaa muda wote ule na ikavumilia, na kama ningetia mia nne ningepata negativu nyeusi tupu.

Na pembeni ya kigoda, Kristofa. Yupo na hayupo. Ukuta unaonekana ndani ya kifua chake, na mguu wa kigoda unapita kwenye goti lake.

Leokadia alikuja kuichukua akiwa njiani kwenda stendi. Kristofa ndiye aliyemleta kwa pikipiki, akabaki getini, injini inanguruma.

"Mwanangu," nikasema, "kabla hujaiona, nikuombe radhi. Kuna kitu kimeingia ambacho hukukiomba."

Akaishika kwa ncha za vidole. Kisha akapaza sauti: "Kaka! Zima hilo pikipiki, njoo."

Kristofa akaingia, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. "Huyu nani?"

"Nani mwingine ana masikio hayo?"

"Nilisema nisiwemo."

"Ulisema," nikakubali. "Ulipokuja shata ilikuwa wazi. Sikuwa na namna ya kukuinua."

"Mbona naona ukuta tumboni mwangu?"

"Vitu vilikuwepo tangu mwanzo wa sala, baba. Wewe uliingia karibu na mwisho. Filamu imekuchukua kwa muda uliokaa."

"Ningeingia mwanzoni?"

"Ungeonekana mzima."

Akageuza picha, akatazama nyuma yake ambako hakuna kitu, akaigeuza tena. "Unaweza kunitoa?"

"Naweza kukata hapa. Ila kigoda nacho kitatoka na wewe."

Akamtazama dada yake. Leokadia alikuwa anafuta macho kwa ncha ya lile blanketi.

"Hatoki," akasema. "Mama Studio, nilikuomba vitu vya mama. Na huyu ni wa mama."

Kristofa alisimama pale mlangoni mpaka nikadhani amekasirika. Kisha akanirudishia picha kwa mikono miwili.

"Nitengenezee na yangu," akasema. "Na ya kila ndugu, hata wale wa mbali. Mtu akija kuuliza palikuwa na nini, anihesabu na mimi."